Nyumba Iliyojengewa Upepo

Miaka ile, mtu wa Nyakabere akikuelekeza njia alisema: nenda mpaka nyumba ya matundu, halafu uulize. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Ilikaa juu ya kituta, pale barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu inapojipinda, na kuta zake zilikuwa na matundu safu kwa safu, chini upande wa ziwa, juu upande wa pili. Mgeni aliyeiona mara ya kwanza alidhani fundi alikuwa amelewa. Fundi hakuwa amelewa. Jina lake Norbert Ndikumana, na alikuwa anamjengea mama yake mahali pa kupumua.

Mama huyo, Generose, alikuwa na pumu tangu usichana wake. Aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mke mwenza: hampendi, lakini anazijua tabia zake. Katika kibanda chake cha zamani cha nyasi kifua kilimsumbua, kikamwacha, kikarudi, na maisha yakaendelea. Ndipo mwanawe akamletea mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya bati.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Wabelgiji walikuwa wanafunga masanduku, na kila mwenye uwezo pale bondeni alikuwa anatafuta manjanja, ndivyo wanavyoyaita mabati kule. Nyumba ya nyasi ilikuwa ya mtu wa jana. Norbert, aliyejifunza kazi kwenye majengo ya misioni, hakutaka mama yake aonekane mtu wa jana. Akamjengea nyumba ya pembe nne, kuta nyembamba, dirisha dogo kama sahani, na juu manjanja yaliyong'aa hata wapita njia wakafinya macho. Majirani wakaja kupongeza. Generose akashukuru, akaingia ndani, na mchana wa kwanza wa joto ukamtoa nje.

Alitoka na mkeka wake akakaa ubavuni mwa nyumba, na jua lilipozunguka naye akazunguka, akifuata kivuli. Usiku pia alilala nje. Sasa, bibi kizee anayekutwa nje usiku, kule hana jina zuri. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anatoka kuroga. Yeye mwenyewe hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza Norbert.

"Nyumba ni muzuri, mutoto wangu," alimwambia. "Ni minye tu siiko naizoea."

Norbert alijua kwamba anadanganywa kwa upole. Aliona aibu, na aibu ya fundi ni mbaya kuliko ya mwizi, kwa sababu mwizi hukimbia na alichofanya, fundi hukiacha kimesimama watu wakitazame. Akaapa kumjengea nyumba nyingine, na safari hii asimwulize mtu yeyote ni ipi inayopendeza.

Akakumbuka sebule ya misioni. Frère, bruda wa Kizungu aliyeisimamia, alikuwa mtu mkali, asiyejua hata kusalimu vizuri, lakini sebule yake ilikuwa baridi saa saba mchana, na Norbert alikuwa ameshika mwiko pale tangu msingi hadi paa. Alijua kwa nini. Upande mwembamba wa nyumba hupewa jua, upande mrefu hupewa upepo. Hewa huingia baridi kwa chini, hupashwa joto na watu, hupanda, nayo lazima ipate pa kutokea juu, la sivyo inageuka inakukaba. Mengine ni baraza pana na ukuta mnene, basi.

Akaanza kutafuta upepo. Alipanda kituta kile cha kwenye kona, mkononi ana kishada cha nyasi zinazofuka, akatazama moshi unakwenda wapi. Asubuhi, mchana, jioni. Watu wakasema Norbert anafukiza kafara. Yeye akaona anachokitaka: mchana upepo unapanda kutoka ziwani, na hapo juu ya kituta haukutani na mti wala nyumba. Akafyatua matofali mazito ya kukausha juani. Akatengeneza na kalibu ya mbao ya kufyatulia yale matofali yenye tundu katikati, ambayo mafundi wa misioni waliyaita klostra. Kwa dari akakata matete kule mto Ruzizi, na juu yake, baada ya nafasi ya kupitisha hewa, akaweka nyasi. Nyasi! Miaka miwili baada ya uhuru!

Jirani yake Onesphore, ambaye manjanja yake yalikuwa bado na harufu ya duka, alikuja kila siku kusimama chini ya ngazi na kumcheka.

"Norbert, weye iko unajenga nyumba ao iko unasuka kitunga?"

"Niko najenga nyumba ya mama."

"Ku masomo balitufundisha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Weye unajenga ukuta ya nyufa tupu! Na nyasi tena. Benzako banapanda ku manjanja, weye unashuka ku nyasi?"

"Manjanja ni ya macho," Norbert akamjibu bila kugeuka. "Minye sijengei macho ya bantu."

Alijibu vizuri, lakini msimsifu mapema. Huyo aliyesema hajengei macho ya watu alikuwa anangojea kwa hamu siku watu watakapokuja kutazama.

Generose aliingia katika nyumba hiyo mwanzoni mwa kiangazi. Mchana ulipofika, Norbert na mkewe Honorine walikaa barazani wakisikiliza, wakingoja mkeka utoke nje. Haukutoka. Honorine akachungulia, akarudi akiwa ameziba mdomo kwa kanga ili asicheke kwa furaha: mama mkwe amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Alipoamka alisema maneno machache tu.

"Leo nimelala kama muntu."

Norbert akaenda nyuma ya nyumba akalia. Hakuna kitu alichowahi kujenga kilichompa furaha kama sentensi hiyo, na hakuna kitakachompa tena.

Ikabaki kuitaha nyumba. Warundi wa bondeni wanasema gutaha, kuifungua nyumba mpya kwa pombe, na desturi hiyo ina masharti yake. Honorine alipika impeke, pombe ya mtama, vyungu vikawekwa katikati na mirija ikachomekwa. Anayepita njiani haachwi apite. Mwenye nyumba anamwongoza kila mgeni ndani, chumba kwa chumba, na kila anayekunywa lazima aiambie nyumba neno moja jema, na watu wapige makofi, na neno hilo linabaki humo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mwenyeji wa siku ile hakupona, ila hakujua bado.

Mmoja aliitakia nyumba watoto. Mwingine aliitakia mvua ya kiasi. Hata Onesphore alikubali kushindwa: "Kitunga hiki kijae unga." Kisha ikafika zamu ya Sévère, kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale. Sévère alikuwa amesoma sekondari kidogo kwa mapadri, akarudi nyumbani bila kazi, na hasira yake ilikuwa inatafuta mtu. Hakusimama katikati kama wengine. Aliinama ukutani, akaweka jicho kwenye tundu, akakaa hivyo kwa muda.

"Nyumba hii inaona barabara yote," akasema, "na barabara haiioni."

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa neno jema, zuri kuliko yote, na Norbert alilewa nalo kuliko alivyolewa na impeke. Mtu amemwelewa! Akamshika Sévère mkono.

"Na hapo ni ya chini tu. Kuja nikuonyeshe ya juu. Panda ku ngazi, utaona mpaka kule barabara inatokea ku mihogo."

Sévère akapanda, akaona. Norbert akamshikia ngazi.

Ikawa miaka miwili ya raha, na sina sababu ya kuificha. Generose alichambua maharagwe ndani ya nyumba mchana kweupe. Uvumi wa uchawi ulikufa wenyewe. Wakati wa joto Onesphore aliyaacha manjanja yake akaja kujinyoosha kwenye baraza ya nyasi, na Norbert hakumkumbusha kitu, alimtazama tu na kutabasamu, jambo ambalo ni baya zaidi. Wapita njia walisimama kuuliza juu ya matundu. Aliwaeleza wote. Alikuwa na ngazi tayari.

Mwaka wa sitini na nne vita vikaja. Vijana walianza kupotea mmojammoja, wakawa wanapanda milimani kunyunyiziwa dawa iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Kisha Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi, na bondeni kote watu wakawa wanalala na viatu. Wengi walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Honorine alikuwa na kaka ng'ambo ile.

"Tuvuke," akamwambia mumewe. "Mama tutamubeba ku mabega, ku kipoyi."

"Tukimuvusha atalala wapi? Mu hema ya bakimbizi? Ile joto ya mu hema itamuua."

Nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli. Nusu ya pili hakuisema hata kwa mkewe: hakuweza kuiacha nyumba. Alikuwa ameijengea upepo kwa mikono yake, na alidhani kitu kilichojengwa vizuri namna hiyo kitawalinda. Honorine aliijua ile nusu ya pili, na kwa muda mrefu baadaye hakumsamehe.

Sévère akarudi na vijana wenzake, kichwani wamejifunga majani, yeye ana bunduki. Alibisha hodi. Alikuwa na adabu kabisa, na hilo lilimchanganya Norbert.

"Papa Norbert, nimekumbuka nyumba yako."

"Mama iko mule ndani, Sévère. Unamujua. Iko na kifua."

"Mama abaki ku chumba chake. Siye tunaomba ya mbele tu."

Wakaingia. Generose aliwapa maji ya kunywa, maana aliwajua mama zao wote. Wakalala chini na kusukuma midomo ya bunduki katika matundu ya chini, na mmoja akapanda kwenye ngazi, ngazi ileile, akakaa kwenye matundu ya juu. Lori la jeshi lilipopinda pale kona, dereva alikufa bila kujua amepigwa kutoka wapi. Ndani ya nyumba moshi wa baruti ulifuata njia aliyouwekea Norbert, ukapanda, ukatoka. Nyumba ilifanya kazi yake vizuri hata siku hiyo.

Waasi walikaa mpaka mwisho wa kiangazi. Jeshi liliporudi na nguvu wakatimkia milimani, Sévère mbele yao, wakaacha maganda ya risasi yametapakaa sakafuni. Njia ya kwenda Ruzizi ilikuwa imefungwa tayari, askari wamepangwa mtoni. Nyumba ya mwanzo iliyotajwa na kila mtu aliyeulizwa ilikuwa ya matundu. Ajida mmoja, mkubwa wa kikosi, akaja na watu wake, akaizunguka polepole, akaokota ganda moja la risasi.

"Ni nani alijenga hii ngome?"

"Ni minye, shef," Norbert akasema. "Lakini hii hapana ngome. Ni nyumba ya upepo. Mama yangu iko na kifua."

Ajida akamtazama. Akaingia ndani, akamwona bibi kizee amekaa kitandani. Akaweka kiganja chake kwenye tundu, akakaa nacho pale, na uso wake uliokuwa unatiririka jasho ukalegea kidogo.

"Ni kweli," akasema. "Iko na upepo muzuri."

Hapo ndipo pabaya zaidi, kwamba alielewa. Mtu asiyeelewa unaweza kumpa udhuru. Ajida akatoa mkono tunduni, akaupangusa kwenye suruali.

"Ziba yote. Leo. Batu bangu bakipita bakaona tundu hata moja, tunachoma nyumba na benye kuwa mule. Na muntu asikae inje karibu na barabara. Mwenye kukaa inje ni mupelelezi."

Jana yake nyumba mbili za upande ule zilikuwa zimechomwa, na katika moja wenyewe hawakutoka. Norbert alizisikia zikiungua. Kwa hiyo akachimba udongo, akaukanda na maji na majani makavu, akaanza kuziba. Alianza nje, upande wa ziwa, tundu baada ya tundu, na ndani mama yake aliona mwanga unapungua.

"Norbert, ni weye?"

"Ni minye, mama."

"Uko unafanya nini?"

"Nafunga kidogo, mama. Ni ya siku kidogo tu."

Akasikia anapumua, kile kifirimbi cha kifua alichokijua tangu utoto.

"Ile ya ku kitanda yangu uiache."

Aliiacha. Aliziba zote za chini, akapanda ngazi akaziba zote za juu, akabaki na hiyo moja, iliyokuwa karibu na uso wa mama yake, na ilionekana kutoka barabarani kama jicho. Alisimama mbele yake na bonge la udongo mkononi. Kisha akaiziba. Alibonyeza kwa kidole gumba, akalainisha kwa kiganja, kwa uangalifu wa fundi, maana mikono yake haikujua kufanya kazi mbaya.

Zilikuwa siku za joto lile linalotangulia mvua, wakati hata mbuzi hawatoki kivulini. Ukuta mnene, uliokuwa rafiki ulipokuwa na matundu, sasa ulishika joto la mchana na kulirudisha ndani usiku. Kumtoa nje hakukuwezekana, maana barabara ilizunguka kituta na kila upande ulionekana; Honorine alimpepea mama mkwe kwa ungo. Kupepea hewa ileile hakuibadilishi. Generose alikaa ameinama mbele, mikono magotini, akihangaika na kila pumzi peke yake, na mchana mmoja akashindwa hata kusema, akaonyesha kwa mkono ukuta ulio karibu na kitanda.

Norbert alichukua tindo na nyundo. Alikuwa ameshaweka tindo kwenye udongo aliposikia lori. Akangoja lipite. Halikupita. Lilisimama pale kona, askari wakateremka, gurudumu lilikuwa na hitilafu, na mmoja alikuwa anasimulia kisa fulani na wengine wanacheka. Norbert alisimama na tindo ukutani, nyundo imeinuliwa nusu. Nyuma yake kile kifirimbi kiliendelea. Askari walicheka tena. Wakaomba maji kwa Onesphore, wakanywa. Kisha injini ikawaka, lori likaondoka, na Norbert akapiga mara moja tu, udongo ukaanguka nje.

Upepo wa ziwa ukaingia kama kawaida yake. Uliinua ncha ya shuka. Alipogeuka, Honorine alikuwa ameshamfumba mama macho.

Sévère aliyatumia matundu, ajida aliyaogopa, na wote wawili walikuwa na sababu zao za vita. Lakini udongo uliingia kwa mikono ya Norbert, na hilo hakuna aliyeweza kumwondolea. Baada ya mazishi aliibomoa nyumba mwenyewe. Klostra zake watu walizichukua kutegemezea sufuria mekoni.

Amani iliporudi, au kile walichokiita amani, kazi ilimfuata Norbert kuliko zamani. Kila mtu alitaka kujenga upya, na kila mtu alitaka kitu kilekile: ukuta mtupu upande wa barabara, dirisha dogo la chuma, manjanja. Aliwajengea. Hakumshauri mtu. Mchana wenye nyumba walikaa nje wakifuata kivuli, na yeye akipita aliwasalimu.

Kisha Sévère akarudi. Alikuwa amesamehewa na serikali, akapewa meza katika ofisi, akavaa shati jeupe. Alimkuta Norbert kazini, akavua kofia.

"Papa Norbert, nilisikia juu ya mama. Pole sana."

"Aksanti."

"Minye pia nataka kujenga. Fundi kama weye hakuna." Akasita. "Ila bila matundu. Matundu, minye najua yanafanyaka nini."

Jioni Norbert alipomwambia Honorine, mkewe alitupa mwiko wa ugali chini.

"Ule ndiye utamujengea?"

"Nitamujengea vile ameomba."

Na akamjengea, bila hila, bila kuharibu kitu. Pembe zilikuwa sawa, plasta ilikuwa laini, na hapakuwa na upenyo wa kupita sindano. Siku ya kuitaha ilikuwa ya joto. Impeke ilikuwa nyingi, wageni walikuwa wa ofisini, na Sévère aliwaingiza ndani chumba kwa chumba. Wakaingia wanasifu, wakatoka wanajifuta. Mwishowe vyungu vikahamishiwa nje, kivulini, wageni wote wakavifuata. Ndipo mtu akakumbuka kwamba fundi hajaiambia nyumba neno lake.

Desturi inataka neno lisemwe ndani. Norbert akaingia peke yake, Sévère akabaki mlangoni, shati limemganda mgongoni. Norbert aliweka kiganja ukutani, pale ambapo angeweka klostra ya kwanza kama angekuwa anamjengea mtu anayempenda.

"Nyumba hii," akasema kwa sauti, wote wasikie, "barabara yote inaiona. Yenyewe haioni kitu."

Nje watu wakapiga makofi, kwa sababu neno likisemwa hupigiwa makofi. Sévère hakupiga. Alimtazama Norbert, akatazama ukuta, na Norbert akaona kwamba amelikumbuka neno lake mwenyewe la kwanza na siku lilipotolewa. Wakasimama hivyo, wote wawili wakipumua kwa shida. Kisha Norbert akampita mlangoni, akachukua ngazi yake, akaenda nyumbani.